Mtoto wa Kutumwa

Babu yangu mzaa baba alihama nyumbani kwao akiwa na umri wa miaka kama kumi. Hakutoroka wala hakufukuzwa. Alihama kama walivyohama wavulana wa Kinyakyusa wa rika lake: walijenga vibanda vyao pembeni mwa kijiji cha baba zao, wakawa wanalala huko, mchana wanachunga ng'ombe wa wazazi na kulima mashamba ya baba zao, na wakati wa kula wanakwenda kwa kundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Vibanda vya kwanza vilikuwa vya kitoto, vinavuja. Walipokua wakajenga nyumba za kweli, wakaoa, na kile kilichoanza kama mchezo wa watoto kikawa kijiji kamili chenye viongozi wake. Monica Wilson, mwanaanthropolojia wa Afrika Kusini aliyefanya utafiti huku kwetu pamoja na mumewe Godfrey miaka ya 1930, aliuandika utaratibu huo kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1951. Babu hakuhitaji kuusoma. Kwake mvulana mkubwa anayeendelea kulala chini ya paa la baba yake ndiye aliyekuwa na kasoro.

Baba yangu hakulala kwenye vibanda hivyo. Alipokuwa mtoto, miaka ya 1950, ardhi ilikwishaanza kubana, kahawa na chai zimeshika miteremko, vijana wanakwenda kutafuta fedha kwenye dhahabu ya Lupa kule Chunya na kwenye migodi ya shaba ya nchi ambayo leo ni Zambia, na shule imechukua asubuhi za watoto. Hata hivyo alichunga ndama tangu meno ya utoto hayajang'oka, na shule ya kati aliifuata kwa miguu, akilala njiani kwa ndugu ambao aliagizwa majina yao tu.

Mimi nilianza darasa la kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, kijijini, upande wa Kiwira wilayani Rungwe. Nilizurura vijiji vitatu. Mwanangu wa miaka tisa anaishi Isyesye, Mbeya mjini, ndani ya ukuta. Basi la shule linampakia kungali giza na kumrudisha jua limekwisha kupoa. Jumamosi ana masomo ya ziada. Mpaka mwaka huu alikuwa hajawahi kuvuka barabara ya lami bila kushikwa mkono.

Watu wa umri wangu tukikutana, iwe msibani au harusini, hatuchukui muda kuufikia utoto wetu. Nani alianguka mparachichi akavunjika mkono, akafungwa vijiti na bibi yake, na mkono ukapona umepinda. Nani alipiga manati ikatua kwenye dirisha la mchungaji. Rungwe ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini, na sisi mvua hiyo tuliifanyia mchezo. Tulikuwa tunabandua gome la mgomba, lile pana la nje ambalo ndani lina utelezi, tunalikalia mmoja mbele mmoja nyuma, na kujiachia kwenye mteremko wa majani yaliyolowa. Hakuna breki. Unageuza kwa kuegemea upande, na ukichelewa kuegemea unakutana na kisiki. Wavulana walikuwa na baiskeli za mbao, magurudumu ya mbao, ekseli ya mbao, zinapiga kelele kiasi cha kusikika ng'ambo ya bonde, mpaka mtu apake parachichi lililooza kwenye ekseli ndipo zinyamaze na kuanza kukimbia kweli. Sisi wasichana tulicheza rede na kombolela, na mara nyingi mgongoni kulikuwa na mtoto. Nimekwepa mpira wa matambara huku nimembeba mdogo wangu kwa kanga, yeye anacheka kila nikiinama. Ikifika zamu yangu ya kujaza mchanga kwenye chupa namkabidhi kwa msichana wa nje, nikitoka namchukua tena.

Nayapenda mazungumzo hayo na siyachoki. Lakini naona tunasimulia michezo tu, kana kwamba wazazi wetu walifungua mlango asubuhi wakatuambia nendeni mkacheze. Sikumbuki mama yangu akiniambia hivyo hata siku moja. Mama alinituma. Nenda kisimani. Nenda mashineni ukasage, usikubali kupitwa kwenye foleni. Mpelekee bibi moto, na ukuni uwe bado unawaka ukifika. Sukari na sabuni zilipoadimika baada ya Vita vya Kagera, waliopanga foleni kwenye duka la kijiji tangu alfajiri walikuwa watoto, kwa sababu watu wazima walikuwa shambani. Kule kuteleza kwa magome, kule kuingia mashamba ya watu kutafuta mapera, kule kuogelea, vyote vilifanyika njiani, kati ya kutumwa na kurudi. Tulikuwa huru kwa sababu tulikuwa na kazi mbali na nyumbani, na muda wa kazi hiyo haukuwa na saa ya ukutani.

Hili ndilo ninalotaka wazazi wenzangu walione, maana nadhani tunalipita. Tunahesabu kwamba tulichonacho kidogo siku hizi ni nafasi: viwanja vimejengwa, mito imechafuka, mashamba yamezungushiwa uzio. Kweli. Lakini kwanza kabisa watoto wetu wamekosa kuhitajika. Maji yako bombani, mkate unaletwa na mwenye pikipiki, unga umefungwa mfukoni, na kama kuna kinachopungua anatumwa dada wa kazi. Mtoto asiye na pa kutumwa hana sababu ya kutoka, na mtoto anayetoka bila sababu kila mtu anamwona mzururaji, hata mama yake mwenyewe.

Kulikuwa na jambo la pili, na hili silisemi kwa kusikia. Nilipokuwa darasa la tano hivi, mama alinipakia peke yangu kwenye basi la Ipinda na kikapu cha viazi mviringo, nimpelekee mama mkubwa. Hakumpa konda nauli tu. Alimpa na ukoo wangu: huyu ni mtoto wa fulani, mjukuu wa fulani yule aliyekuwa mzee wa kanisa, anashuka Ipinda, mama yake mkubwa ni yule anayeuza mchele pale sokoni. Alisema kwa sauti na basi zima likasikia, na sasa naamini alikusudia lisikie. Kutoka baridi ya Tukuyu mpaka tunateremka kwenye joto la Kyela, mama mmoja alinishikia kikapu, mzee mmoja akanihoji babu yangu alizikwa wapi, na konda alipozidiwa na abiria akataka kupitiliza, watu wakapiga kelele kwa pamoja: "Mtoto wa Ipinda huyo, simamisha!" Nilirudi na mchele na usipa, kwa utaratibu uleule.

Ndivyo ilivyokuwa hata kijijini. Nilikuwa peke yangu lakini sikuwahi kuwa nje ya macho ya watu. Mtu mzima yeyote aliweza kuniuliza ninakokwenda, na ilinipasa kujibu, na nikijibu vibaya habari hizo zilinitangulia nyumbani. Alikuwa na haki ya kunikemea na hata kunichapa. Haki hiyo ilitumiwa vibaya na wengine, nawajua, na siiombei irudi ilivyokuwa. Ila bila watu wale uhuru wetu ungekuwa kutelekezwa tu.

Na wapo waliotelekezwa kwelikweli, ambao sisi tuliokuwa na mama nyumbani hatuna ruhusa ya kuwaingiza kwenye kumbukumbu zetu tamu. Kutoka Makete, Njombe, Mufindi na hata kwetu, wasichana wa umri wangu walipakiwa kwenye mabasi kwenda Dar es Salaam kulea watoto wa watu, wao wenyewe bado watoto. Nao walitumwa. Wengi hawakurudi darasani. Na Ukimwi ulipopita kwenye nyanda hizi, kulikuwa na nyumba ambazo mkubwa wao alikuwa mtoto wa miaka kumi na mitatu, analima, anapika, anauguza. Hakuna aliyemzuia kwenda popote. Hakuwa huru hata kidogo.

Kuna na mto. Mwaka mmoja masika yalizidi, na mtoto aliyekuwa anakaa dawati la mbele yangu alichukuliwa na maji akivuka kwenye gogo tulilovukia wote. Mwili ulipatikana kesho yake, mbali huko chini. Tulipangwa mistari, tukaimba kaburini, mwalimu wetu akashindwa kusoma wasifu. Wiki iliyofuata tulivuka kwenye gogo lilelile, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine ya kufika shuleni. Sijawahi kumsikia mtu akiisimulia habari hiyo harusini. Tunasema "tulikuwa tunaanguka, tunainuka, maisha yanaendelea", na tunaosema hivyo ni sisi tulioinuka.

Mama yangu hapendi tunavyosimulia. Niligundua hilo Krismasi moja, tumekaa jikoni kwake tunaota moto, kaka yangu anawaeleza watoto jinsi wazazi wa zamani walivyokuwa hawana wasiwasi. Mama alikuwa anamenya ndizi. Akaacha kumenya.

"Nani aliwaambia sikuwa na wasiwasi?" akasema. "Nilikuwa sina mtu mwingine wa kumtuma. Mvua ikianza hamjarudi, nilikuwa nasimama pale mlangoni. Chakula kinaungua, nimesimama."

Kabla yangu mama alizika watoto wawili, wote kwa surua, mmoja baada ya mwingine. Mpango wa taifa wa chanjo ulianza mwaka 1975 na ulichukua muda kufika kila bonde. Kwa nchi nzima, utafiti wa afya wa mwaka 1999 ulionyesha kwamba kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 147 walikuwa wanafariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta idadi hiyo imeshuka hadi 43. Mama hazijui takwimu hizo, lakini alipotaja majina ya wale wawili, ambayo hayatajwi mara nyingi nyumbani kwetu, kaka yangu aliinamisha kichwa na hakuendelea na hadithi yake.

Kwa hiyo nikisema nautamani utoto ule, nachagua cha kutamani. Sitaki gogo. Sitaki surua, sitaki fimbo, sitaki miguu iliyopasuka kwa baridi ya Julai kwa kukosa viatu. Na siwezi kumlaumu mzazi wa leo kwa kuogopa, kwa sababu hofu yake haikutoka hewani. Mapema mwaka 2019 watoto wadogo waliuawa Njombe, na kwa wiki kadhaa kila mzazi wa nyanda hizi alimtazama mtoto wake akitoka getini kwa moyo mwingine. Kabla ya hapo, Mbeya ilikwishapitia miaka ya habari za wachuna ngozi, watu waliosemwa kuua binadamu na kuwachuna ngozi. Na barabara je? Barabara kuu ya TANZAM inapita katikati ya jiji, na malori ya Zambia na Kongo yanateremka Mlima Nyoka na Iwambi kwa namna ambayo mtu mzima mwenyewe anaomba Mungu kabla ya kuvuka. Bodaboda hazina upande wala kituo. Mtoto wa leo hana surua, ana gari.

Ninachokipinga ni dawa tuliyoichagua. Tumejenga ukuta, na juu ya ukuta tumepanga vipande vya chupa, halafu tunaamini mtoto yuko salama. Lakini wanaowadhuru watoto mara nyingi ni watu wanaofahamika nyumbani, na ukuta unawafungia watoto ndani pamoja nao, mbali na macho ya jirani. Wengine wamekwenda mbali zaidi, wakawapeleka watoto wa miaka sita bwenini, mpaka mwaka 2023 Serikali ikazuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Nafikiria juu ya babu kila nikikumbuka katazo hilo. Naye aliondoka kwa wazazi mapema, lakini alikwenda mahali ambapo yeye na wenzake waliamua nani alale wapi, nani akoke moto, ugomvi uamuliwe vipi, na mama alikuwa umbali wa kuitika. Mtoto wa bweni huamshwa kwa kengele na kulazwa kwa kengele. Wote wawili wameondoka nyumbani, ila mmoja alikuwa anajifunza kujitawala na mwingine anafundishwa kusubiri kuambiwa.

Mwaka huu nilianza kumtuma mwanangu. Genge liko mitaa miwili kutoka kwetu, hakuna lami ya kuvuka, ila kuna kona ambayo ukishaipita sikuoni tena. Nilimpa noti ya shilingi 2,000, nyanya za elfu moja, vitunguu vya mia tano, chenji urudishe. Alisimama getini akaniuliza, "Mama, nikikutana na mtu nisiyemjua?" Nikamwambia amwamkie, apite. Akaniuliza tena, "Na nikipotea?" Mtoto aliyezaliwa mtaa huu. Nikamwambia amuulize mama wa genge, anatujua.

Hata dakika tano hazijapita, simu ikalia. Jirani wa nyumba ya pembeni. "Dada, nimemwona mwanao kwenye kona ya kwa fundi seremala, yuko peke yake. Kuna usalama?" Nikasema nimemtuma gengeni. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, ngoja nikae hapa kibarazani mpaka arudi." Nilimshukuru, na baada ya kukata simu nilikaa nikiwaza kwamba tumekaa ukuta kwa ukuta na mama huyu miaka yote hiyo na sijawahi kumwambia mtoto wangu ni mjukuu wa nani.

Mwanangu alirudi anakimbia, mfuko umempasukia, nyanya mbili mkononi. Alikuwa na maneno mengi kuliko ninayoyapata kwake akitoka shule kwa wiki nzima. Mama wa genge alimwongezea pilipili hoho. Kuna mbwa wa kahawia ambaye hafungwi ila haumi. Fundi seremala anatengeneza jeneza dogo, akamwuliza ni la nani, akajibiwa. Niliacha alichokuwa anakisema kiishe chenyewe, sikukikatiza.

Tangu hapo tumelizungumza kwenye kikoba chetu cha mtaani. Watoto wa nyumba saba sasa wanakwenda shule ya Jumapili kwa miguu pamoja, wakubwa wanawashika wadogo, na kila mama anajua wanapita mlangoni kwake saa ngapi. Mama mmoja amekataa. Ana binti wa miaka kumi na miwili, na njia ile ina kijiwe cha vijana wa bodaboda ambao maneno yao kwa wasichana tunayajua sote. Sikumbishia. Tukaenda wanne kuzungumza na kiongozi wao wa kijiwe, kijana mstaarabu, akaahidi, na maneno yamepungua ingawa hayajaisha. Binti huyo bado anapelekwa na baba yake kwa gari. Mimi pia nina binti, na hesabu ninayoipiga kwake ni nyingine na ile ya kaka yake. Nachukia kwamba ni nyingine, lakini sitajidanganya.

Desemba hii mwanangu atakaa kwa bibi yake likizo nzima. Si kutembea siku mbili na kurudi. Atapelekwa mapema, atakabidhiwa ndoo, na kila asubuhi atabeba maziwa mpaka kituo cha kukusanyia, njia ya vumbi inayopita katikati ya mashamba ya chai na ndizi, ambako kila nyumba inamjua bibi yake. Nilipompigia mama kumweleza, hakuuliza habari za kufaulu wala za mtihani.

"Anajua kubeba ndoo kichwani?"

"Hajui, mama."

"Basi aje na buti za mvua. Ndoo nitamfundisha mimi."

Baba yake watoto ameweka sharti moja tu, kwamba mtoni asiende bila mtu mzima. Niliogopa kumwambia mama, nikidhani atatuona tumelainika na mji. Nilianza kuzunguka maneno. Alilikubali kabla sijamaliza kulisema, akaongeza la kwake: mvua ikianza, maziwa yabaki nyumbani.